Mulondo shambani: shajara ya kikundi chetu, Busia, Uganda

Februari 2023

Tumekubaliana kuanza. Kikundi kina Wasamia, Wateso, Wanubi wachache waliohamia huku kutoka Bombo na wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiswahili ili kila mwanachama azisome bila mkalimani. Mimi ndiye katibu.

Kilichotukusanya ni mzizi mmoja. Waganda wanauita mulondo, ndugu zetu Waluhya wa ng'ambo ya mpaka, Kenya, wanauita mukombero, na kwa jina la kisayansi ni Mondia whitei. Pale mtaa wa Sofia, hapa Busia, kila asubuhi utauona umefungwa mafungu, umepangwa kando ya karanga za kukaanga, na vijana wa boda wanautafuna wakisubiri abiria. Mtu aliyepoteza hamu ya kula anawekewa kwenye chai. Mama aliyejifungua anapewa na mama mkwe wake. Ukitafuna, uchungu unatangulia, halafu utamu unabaki ulimini kwa muda mrefu, na kinywa chote kinanukia vanila. Harufu hiyo inatokana na kemikali iitwayo 2-haidroksi-4-methoksibenzaldehaidi, yenye atomi zilezile za vanilini ila zimepangwa kwa namna nyingine.

Shida ya mulondo ni kwamba kinachouzwa ni mzizi wenyewe. Ukichuma jani, mmea unachipua tena. Ukiung'oa mzizi wote, hapana kilichobaki cha kurudia mwakani. Wachimbaji wa siku nyingi wanatuambia kwamba zamani waliupata pembezoni tu mwa msitu wa West Bugwe. Siku hizi wanaingia ndani kabisa na kutoka na mizizi myembamba kama kidole. Kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mmea huuhuu umekuwa adimu kwa sababu ya kuchimbwa kwa ajili ya masoko ya dawa. Na sisi watu wa Uganda tumeyaona ya mti wa Prunus africana, ambao gome lake linanunuliwa Ulaya kwa ajili ya dawa za tezi dume: ilifika mahali biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995.

Kwa hiyo tumeandika mambo mawili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi. Hatutauza mzizi ambao hatukuupanda. Na hatutasema juu ya mzizi huo neno ambalo hatuwezi kulirudia mbele ya daktari. Wote wametia sahihi, pamoja na wale ambao riziki yao ya leo ni kuchimba.

Machi 2023

Kabla ya kutafuta mbegu, tumetaka kuwa na hakika na mmea. Watu wengine wanaweza kuona ni kupoteza muda, kwani nani asiyeujua mulondo? Lakini msituni kuna mimea mingine ya kutambaa yenye utomvu mweupe na majani yanayokaa mawilimawili yakitazamana, na baadhi yake ni ndugu wa karibu wa mulondo. Mmoja wao, Parquetina nigrescens, una kemikali zinazogusa mapigo ya moyo. Mzizi mkavu uliokatwakatwa hauna jani la kukuonyesha ulikotoka.

Mzee wetu wa miti shamba, ambaye babu yake pia alikuwa mganga, alitutembeza shambani kwake na kutuonyesha anavyoutambua. "Mwanangu," aliniambia, "usitazame alama moja ukaridhika." Yeye hutazama tatu kwa pamoja: msingi wa jani ulioingia ndani na kulifanya jani liwe na umbo la moyo, ukingo wa nyuzinyuzi unaozunguka shina pale vikonyo viwili vya majani vinapokutana, na harufu ya mzizi baada ya kuukwaruza kwa kucha. Ikikosekana moja, anauacha.

Tumechukua tawi lenye majani na maua, tukalikandamiza ndani ya magazeti hadi likakauka, na limepelekwa Chuo Kikuu cha Makerere kwenye hebaria yao, hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Jibu limethibitisha ni Mondia whitei. Sampuli imebaki kule, ili yeyote atakayetuuliza siku moja "mnauza nini hasa?" aweze kwenda kuitazama.

Aprili 2023

Mvua imeshika. Mbegu za mulondo zinakaa ndani ya vikonde viwili (ndiyo matunda yake) vilivyoungana kwenye kikonyo kimoja na kutanuka kama pembe za ng'ombe. Kikonde kikikauka kinapasuka, na kila mbegu ina kishungi cha nywele laini kinachobebwa na upepo. Anayesubiri kipasuke chenyewe hapati kitu. Mzee ametufundisha kukifunga kwa kitambaa cha chandarua kuukuu kingali kibichi kidogo, kisha kukiacha hukohuko kwenye mmea kikomae.

Kitaluni tumetenga matuta mawili kwa makusudi ya kulinganisha: moja la mbegu zilizotoka kwenye vikonde msimu huu, jingine la mbegu alizokuwa nazo mwanachama mmoja kwenye chupa tangu mwaka juzi. Udongo ni wa msituni uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga wa mtoni, ndani ya vikavera (mifuko ya plastiki) vidogo, chini ya kivuli cha majani ya migomba.

Mei 2023

Mbegu mpya zimeota vizuri, nyingi zilitokeza ndani ya wiki tatu hivi. Tuta la mbegu za chupani limebaki udongo mtupu isipokuwa miche michache dhaifu. Kuanzia sasa hakuna kuweka akiba ya mbegu. Zikikomaa zinasiwa.

Julai 2023

Kumwagilia na kupalilia. Kuku wa jirani wamekula kona moja ya kitalu, uzio umeongezwa.

Septemba 2023

Miche imepelekwa mashambani na mvua za pili. Tumejadiliana sana juu ya mahali pa kuipanda, na nitayaandika mabishano yale kwa sababu yana faida kwa yeyote atakayetufuata.

Mulondo ni mmea wa kupanda juu. Hausimami peke yake, unahitaji mti au fito za kujizungushia. Vijana walitaka shamba la mistari, nguzo na waya, vile wanavyoona mashamba ya pasheni. Mama mmoja, mwenyekiti wetu, alisema waya ni pesa na nguzo mbichi huliwa na mchwa, ilhali kila nyumba hapa ina miti ya misambya kwenye mpaka wa shamba. Kwa nini mulondo usipande juu ya misambya? Kivuli chake ni chepesi, majani yanayoanguka yanarutubisha, na ardhi ya mahindi haiguswi. Vijana wakajibu kwamba chini ya mti mizizi ya mti itagombana na mizizi ya mulondo, na kuchimba kutakuwa shida.

Pande zote mbili zina hoja. Tumepanda kwa namna zote: robo ya miche kwenye nguzo, iliyobaki kwenye misambya, umbali wa hatua moja na nusu kutoka shina la mti ili jembe lipate nafasi. Mimi naegemea kwa mwenyekiti. Mradi unaomdai mtu mwenye nusu eka aache kupanda chakula chake hautadumu Busia.

Januari 2024

Kiangazi. Majani yamepukutika kwenye mimea iliyo mahali pa wazi na wanachama wengine wamekata tamaa, lakini ukikwaruza shina chini bado ni kijani. Tumeweka matandazo ya majani makavu na kusubiri. Iliyo chini ya misambya imestahimili vizuri kuliko ile ya nguzo.

Mei 2024

Mwezi huu hatukushughulika sana na jembe. Tumekaa na maneno.

Mulondo unauzwa mjini kwa ahadi moja kubwa, nguvu za kiume. Wanachama wengine wanasema bila ahadi hiyo hakuna atakayenunua pakiti yetu wakati barabarani anapata fungu la shilingi 1,000 pamoja na hadithi nzuri. Nikaombwa nilete kilichoandikwa na watafiti, na kijana wetu anayesomea uuguzi akanisaidia kukisoma.

Tulichokikuta kinataka utulivu. Kundi la watafiti wa Kameruni walichapisha mwaka 2001 matokeo ya panya dume walionyweshwa dawa ya mulondo kwa wiki kadhaa mfululizo. Utengenezaji wa mbegu za kiume ulishuka, na walipoacha kunyweshwa ulirudi. Mwaka 2008 watafiti wa Stellenbosch, Afrika Kusini, waliweka dawa ya mulondo pamoja na mbegu za kiume za binadamu katika chombo cha maabara, na wakaona mbegu zinaogelea kwa kasi zaidi. Mtu anayetaka kuuza atachukua ule wa pili na kuuficha wa kwanza. Mtu anayetaka kutisha atafanya kinyume chake.

Tulivyouelewa sisi ni hivi. Panya si mtu, na kipimo alichopewa hakilingani na kijiti anachotafuna dereva wa boda. Mbegu zilizo kwenye chombo cha kioo hazijapitia tumbo, ini wala damu ya mtu yeyote. Katika kazi hizo mbili, hakuna hata moja iliyowapa wanaume chai ya mulondo na kupima kilichowapata. Kwa hiyo mtu hawezi kusimama sokoni na kusema "sayansi imethibitisha". Na mwanamume anayetafuta mtoto, akatumia kila siku miezi mingi mfululizo kwa kuwa lebo yetu ilimwahidi, anaweza kuwa anatembea kuelekea asikotaka.

Mzee wetu aliyasikiliza yote hayo kimya. Nilidhani atakasirika. Akasema baba yake hakuwahi kumpa mtu mulondo kila siku. Ulikuwa mzizi wa kutafuna kidogo kabla ya chakula, au siku ya uchovu. Hii ya kunywa kijiko asubuhi na jioni mwaka mzima imeletwa na pakiti, haikutoka kwa wazee. Maneno yake yamepewa uzito kwenye kikao kuliko karatasi zangu, na ni haki.

Tumekubaliana kwamba neno "nguvu" halitaonekana kwenye pakiti yetu.

Agosti 2024

Amekuja mnunuzi kutoka Kampala, amekagua mashamba, amesifu kazi. Ameahidi kununua unga wote tutakaoutoa, kisha akamvuta mwekahazina pembeni na kumwambia kwamba wenzetu wanachanganya "kitu kidogo cha duka la dawa" ili mteja aone matokeo usiku uleule. Mwekahazina amekataa papo hapo na kuleta habari kwenye kikao.

Naandika hili kwa urefu kwa sababu watu wanaweza kufa. Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, imewahi kuonya kuhusu dawa za asili zilizokutwa zimetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya kiwandani ya nguvu za kiume. Sildenafili ni dawa halali ikitolewa na daktari anayemjua mgonjwa wake. Lakini mtu mwenye maumivu ya kifua anayetumia dawa za kundi la naitreti akiimeza bila kujua, mishipa yake inatanuka kupita kiasi na presha inaporomoka ghafla. Anayezimia hana hata la kumwambia daktari, kwa sababu anajua alikunywa mizizi tu. Mzee wa miaka 60 mwenye moyo mgonjwa ndiye hasa mteja anayevutwa na tangazo la namna hiyo. Hatutafanya biashara na mnunuzi huyo, hata akirudi na bei maradufu.

Mwezi huu pia tumejifunza njia ya sheria. Uganda ina Sheria ya Tiba Asilia na Tiba Mbadala ya 2019, inayowatambua waganga na kuwawekea baraza. Kwa upande wa bidhaa, ukidai inatibu ugonjwa, hiyo ni dawa na mlango wake ni NDA, na hata tangazo lake la redioni linatakiwa lipitie kwao kwanza. Ukiuza kama kinywaji au kiungo cha chai, unakwenda Shirika la Viwango, UNBS, kutafuta alama ya ubora. Kikundi kimechagua mlango wa pili. Waliopinga walisema tunajishusha. Mimi naona tunaiweka bidhaa mahali ambapo ushahidi wetu unaweza kuibeba.

Januari 2025

Mavuno ya kwanza, baada ya mwaka na miezi kadhaa ardhini. Wakulima wa ng'ambo walitushauri tusubiri hadi karibu miaka miwili, kwa hiyo tumegusa mimea iliyonenepa tu.

Namna tulivyochimba ndiyo kiini cha mradi mzima. Hatung'oi. Unachagua upande mmoja wa shina, unafukua taratibu kwa mkono na kijiti ili usiukate ovyo, unafuata mzizi mnene hadi unakoishia, unaukata umbali wa kiganja kutoka shinani, na unaacha mizizi ya upande wa pili bila kuigusa. Shimo linajazwa samadi na udongo, na matandazo yanarudishwa. Mwakani utachimba upande uliobaki. Kila mmea umefungiwa kitambaa upande uliovunwa ili asitokee mtu wa kuuvuna tena.

Wachimbaji wawili waliokuwa wakiishi kwa kwenda msituni ndio waliotuonyesha jinsi ya kufuata mzizi bila kuukatisha, kwa sababu mikono yao inaujua. Sasa kikundi kinawalipa kwa kazi hiyo na kwa kuwafundisha wengine.

Mimea ya chini ya misambya imetoa mizizi mifupi kuliko ile ya nguzo, hapo vijana walikuwa na haki. Lakini iliyokufa wakati wa kiangazi ilikuwa mingi zaidi kwenye nguzo, hivyo kwa jumla hesabu inakaribiana.

Februari 2025

Kukausha. Kinacholiwa ni ganda la mzizi, nyama laini ya nje. Katikati kuna kiini kigumu cha mti ambacho mtafunaji hukitema. Tunaosha kwa maji ya bomba, tunabandua ganda lingali bichi (likikauka linashikamana na kiini), na kiini kinakwenda jikoni kama kuni.

Tulilinganisha namna mbili. Ganda lililoanikwa kwenye turubai juani lilikauka upesi, rangi ikawa nyeusi na harufu ikapungua sana. Lililowekwa ndani ya kikausho, kwenye trei za chandarua chini ya paa la nailoni lililofunikwa kitambaa cheusi, lilichukua muda zaidi na likatoka na harufu kali ya vanila inayojaza chumba. Hakuna haja ya mashine kujua lipi lauzwe. Kipimo chetu ni kulivunja: likikatika kwa mlio limekauka, likipinda linarudi kwenye trei. Unyevu ukibaki, kuvu inaingia, na watu wa Uganda wanajua kutokana na karanga na mahindi ni sumu gani kuvu hiyo inaweza kuleta. Mwongozo wa WHO wa 2003 kuhusu kilimo na uvunaji bora wa mimea ya dawa unasisitiza hayo hayo: usafi, ukaushaji, na kuandika kila hatua. Kila gunia letu lina kadi ya shamba lilikotoka na tarehe ya kuchimbwa.

Kusaga tumekataa kinu cha posho cha mjini, ingawa kiko karibu. Ndani yake kuna mabaki ya mahindi na muhogo ya kila mtu. Tumenunua kinu kidogo cha kikundi, kinachosaga mulondo peke yake.

Aprili 2025

Lebo ya kwanza. Maneno yenyewe ni haya: unga wa ganda la mzizi wa mulondo, Mondia whitei, uliopandwa na wakulima wa Busia, hakuna kilichoongezwa, kijiko kidogo ndani ya chai au uji, si lazima kila siku. Chini yake: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo na mtu anayetumia dawa za moyo, presha au kisukari aongee kwanza na mhudumu wa afya, amwonyeshe pakiti hii.

Mstari wa anayenyonyesha umeleta ubishi mkali. Mama mmoja mwenye wajukuu alisimama akasema, "Katibu, mimi nilipewa mulondo kwa kila uzazi, maziwa yakashuka, watoto wangu wako hai. Leo unataka kuniambia mama mkwe wangu alinidhuru?" Nilimjibu kwamba hapana anayesema hivyo, na kwamba desturi hiyo imeandikwa kwenye daftari letu kama alivyoisimulia. Lakini mama mkwe wake alimjua. Alikata kijiti kwa mkono wake, akakaa naye chumba kimoja, akaona anavyoamka. Pakiti inakwenda kwa mama tusiyemjua, mwenye dawa nyingine mezani tusizozijua. Alifikiri, akasema basi liandikwe kwa Kiluganda, Kisamia na Kiteso pia, ili mama huyo asome mwenyewe bila kusubiri mume arudi. Limepita, na ndilo wazo zuri kuliko yote ya mwaka huu.

Sampuli ya unga imepelekwa Kampala, katika taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili iliyoko Wandegeya, wapime kuvu na wathibitishe hakuna dawa ya kiwandani ndani yake. Hatutauza nje ya kikundi hadi karatasi yao ifike. Mnunuzi mmoja wa Jinja mwenye duka la chai amekubali kusubiri.

Mvua imeanza na vikonde vya shamba la mwenyekiti vimenenepa. Jumamosi kila mwanachama aje na kipande cha chandarua na uzi. Miche ya msimu huu kwanza inakwenda kwa familia saba za wachimbaji wanaoishi karibu na West Bugwe, ishirini kwa kila nyumba, na wale wawili wetu watakwenda nayo kuipanda pamoja nao.